Maswali na majibu: Mbeleko na vidonge vya mkojo baada ya upasuaji wa moyo

SWALI: Mwanangu ana miezi 11 na kilo 8. Alizibwa tundu la moyo Dar es Salaam, hii ni wiki ya tatu. Bibi yake anataka kumbeba kwa mbeleko. Pia kaandikiwa furosemidi, dawa ya kukojosha, miligramu 8 asubuhi na jioni, ila vidonge tulivyopewa ni vya 40. Nagawaje? Mama wa Makorora, Tanga.

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Bibi asubiri. Mfupa wa katikati ya kifua ulipasuliwa wima ukafungwa, nao huchukua wiki 6 hadi 8 kushikana. Mbeleko inaukandamiza. Lakini kinachosahaulika zaidi ni makwapa: asinyanyuliwe kwa makwapa wala kuvutwa mikono. Mkono mmoja upite chini ya makalio, mwingine ushike shingo na mgongo, umwinue mzima kwa pamoja. Kila anayempakata afundishwe, hata dada yake. Mkisikia mfupa unagonga akilia, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Kidonge usikikate vipande vitano kwa macho. Kipande kimoja hutoka maradufu ya kingine. Ponda kidonge kimoja kizima katikati ya vijiko viwili, weka kwenye kikombe, ongeza mililita 10 za maji yaliyochemshwa yakapoa, ukiyapima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hapo kila mililita ina miligramu 4, kwa hiyo dozi yake ni mililita 2. Unga hauyeyuki wote, hutuama chini. Koroga na uvute papo hapo. Ukichelewa, atakunywa maji matupu na mwili utavimba. Yanayobaki mwaga, jioni ponda kingine. Dozi ikisahaulika usimpe mbili kwa pamoja. Akiharisha au akitapika, piga simu kliniki kabla ya kumpa, maana dawa hii inamkausha maji.

Kidonda ni maji na sabuni, kisha kikaushwe kwa kugusagusa na kitambaa safi. Mafuta ya nazi na poda, hapana.

Na akikohoa, nakusihi, asipelekwe kukatwa kimio wala kung'olewa "meno ya plastiki". Vijidudu vya kinywani huingia kwenye damu na kung'ang'ania kiraka kipya, ambacho huhitaji miezi kama 6 kufunikwa na utando wa moyo wenyewe.

Kila jioni akiwa amelala, funua kifua, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Zikifika 50, au joto likifika 38, au akiamka kope zimevimba, anakojoa kidogo, anatoka jasho akinyonya au anakataa ziwa, huenda majimaji yanajaa kuzunguka moyo. Hutokea hata kwa mtoto aliyekuwa akiendelea vizuri. Usingoje basi la Dar: mpeleke hospitali ya Bombo, hapo Tanga, saa hiyohiyo, na karatasi ya ruhusa na dawa zake zote mkononi.