Hesabu ya vitumbua, pamoja na mkaa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni chakula gani cha kila siku uliacha kununua ukaanza kupika mwenyewe, na je, hela ilibaki kweli? Mimi nilianza na vitumbua, na mwezi wa kwanza nilikula hasara.

Hapa Mikindani, Mtwara, nanunua kitumbua shilingi 200. Nyumbani tuko watano, kila mtu viwili, basi kila asubuhi 2,000 inatoka. Nikaona nijipikie. Kilo ya mchele 2,800, nazi 600, sukari robo 800, hamira na iliki 500, mafuta 1,000, mkaa 800. Jumla 6,500, na vinatoka kama 45, ambavyo kwa muuzaji ni 9,000. Faida ipo, ila kwenye karatasi. Watoto wakiona hotpoti imejaa hawahesabu viwili viwili. Kesho yake saa nne hakuna kitu. Siku mbili za kununua ni 4,000, mimi nimeshatumia 6,500!

Siku hizi naloweka nusu kilo tu, usiku nasaga na tui zito (umeme ukikubali), alfajiri nakuta imeumuka. Nakaanga vyote 22, kumi vinakwenda mezani, kumi nafungia kabatini, viwili vya mpishi. Nabakiza kama 750 kila siku mbili. Kinachoniuma ni mkaa: gesi inachimbwa Mnazi Bay, mkoani kwetu hapa hapa, bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikamilika 2015, na mimi bado napepea jiko.

Hela ilibaki kwenye siagi ya karanga, ambako sikutegemea. Kopo la gramu 400 dukani kwetu 5,000, kilo nzima ya karanga sokoni 4,000. Nazikaanga kavu kwa moto mdogo, nazisugua maganda, napepeta, natwanga zingali na joto. Mwanzo zinakuwa unga mkavu. Usitie maji, itaharibika upesi. Wewe twanga tu mpaka zitoe mafuta yake zenyewe, kisha chumvi kidogo. Tukiipaka kwenye muhogo wa kuchemsha, siku hiyo hakuna anayeulizia vitumbua.

Ming'oko, ile mizizi ya porini, bado nanunua iliyokwisha chemshwa, na pilipili yake. Mafuta ya nazi nilijaribu mara moja: nazi 12, nusu siku jikoni, na chupa ya lita haikujaa. Mama mkwe anasema nilikamua vibaya. Huenda, lakini sirudii.