Wiki ya mihadhara Mlimani: nani ana haki ya kunyoosha mkono?

Aprili ikikaribia, maswali yanayoletwa kwenye safu hii hubadilika. Ya viwanja na hatimiliki hupungua, yakaanza ya Mlimani: Tamasha la Kitaaluma la Mwalimu Nyerere, Wiki ya Utafiti na Ubunifu, na mihadhara mingine ya wazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nimechagua machache. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na yaliyojaa matusi kwa wahadhiri nimewaachia wenyewe walioyaandika.

Mimi ni fundi seremala, Manzese. Niliishia darasa la saba. Nikienda kwenye mhadhara pale ukumbi wa Nkrumah si nitafukuzwa mlangoni?

Hufukuzwi, fundi. Ukisikia mhadhara wa wazi, ujue hakuna anayekagua cheti cha mtu. Beba tu kitambulisho, kwa sababu mgeni rasmi akiwa kiongozi mkubwa ukaguzi huwa mkali, na viti vya mbele huwa vimeshawekewa karatasi za majina. Panda gari linaloingia Chuo, ama kutoka Mwenge ama Ubungo, mwambie konda akushushe Utawala, kisha muulize mwanafunzi yeyote. Wahi. Watu wanaokosa nafasi pale hawajazuiwa na mtu, wamechelewa tu, na utawakuta wamesimama kwenye baraza wakichungulia.

Ila kwa mtu wa kazi za mikono kama wewe, ningekushauri usiikose Wiki ya Utafiti na Ubunifu. Huko kuna mabanda, na ndani ya mabanda kuna mashine na watu waliozitengeneza. Simama mbele ya mojawapo uulize maswali mawili: hii inauzwa shilingi ngapi, na kipuri kikivunjika nakipata wapi? Utashangaa jinsi maswali hayo yanavyoweza kumtoa jasho mtu mwenye shahada tatu.

Tamasha ni la Mwalimu, lakini ukumbi unaitwa Nkrumah. Hatukuwa na jina la kwetu?

Majina ya kwetu tulikuwa nayo, ila nchi hii wakati ule ilijiona pana kuliko mipaka yake. Kwame Nkrumah aliongoza Ghana hadi jeshi lilipompindua Februari 1966. Yeye na Mwalimu walitaka Afrika moja, wakagombana juu ya njia ya kuifikia. Nkrumah alitaka serikali ya bara zima mara moja, Mwalimu akasema tuanze na miungano midogo ya majirani. Kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Cairo mwaka 1964, Mwalimu alimjibu Nkrumah kwa maneno makali kiasi kwamba watu walidhani urafiki umekwisha. Jina la mtu huyohuyo ndilo lililo kwenye ukumbi mkuu wa chuo ambacho Mwalimu alikuwa mkuu wake. Mimi napenda sana jambo hilo. Waliobishana wamekaa pamoja.

Na ukumbi wenyewe umestahili jina lake. Juni 1974 ndipo ulipofanyikia Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika, yaani harakati za kuwaunganisha Waafrika wote, wa kwanza wa mfululizo huo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Kama uliwahi kushika noti ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2010, basi Nkrumah umeshaubeba mfukoni, maana ulikuwa nyuma ya noti ile, upande wa pili wa Mzee Karume. Ilipokuja sarafu, jengo likatupotea na nyati wa noti ya zamani akarudi.

Tamasha ni la juzi tu. Chuo kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Umajumui wa Afrika, yaani nafasi maalumu ya profesa, mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia, na baadaye akamfuatia Profesa Penina Mlama, mwandishi wa tamthilia ambaye wengi mlimsoma shuleni kwa jina la Penina Muhando. Aprili huchaguliwa kwa sababu Mwalimu alizaliwa tarehe 13 ya mwezi huo, mwaka 1922. Tamasha la kwanza, mwaka 2009, mhadhiri alikuwa Wole Soyinka wa Nigeria. Mwaka uliofuata, mchumi Samir Amin wa Misri.

Mzee wangu alisoma Mlimani miaka ya sitini. Kila siku anatuambia kwamba mihadhara ya leo ni mchezo, enzi za Walter Rodney ndipo watu walipojadili. Ni kweli au ni uzee?

Mfikishie shikamoo yangu. Hasemi uongo, ila wazee wana tabia ya kusimulia nusu tamu.

Nusu tamu ndiyo hii. Rodney, Mguyana, alifundisha historia Mlimani mwaka 1966 na 1967, akarudi 1969 akakaa hadi 1974. Wanafunzi wa nchi mbalimbali walikuwa na chama chao cha kimapinduzi, USARF, mwenyekiti wake kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Jumapili asubuhi, wenzao wakiwa kanisani, wao walikaa darasa la itikadi ambalo halikuwa na mtihani wala cheti. Mjini kulikuwa na ofisi za vyama vya ukombozi na makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, kwa hiyo mtu aliyepanda Mlimani kuzungumzia vita vya Msumbiji angeweza kuwa ametoka vitani mwezi uliopita. Huwezi kulinganisha na mtu aliyeleta slaidi 60.

Nusu chungu ni kwamba uhuru ule ulikuwa na kamba. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao mamia kwa mkupuo mmoja, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Novemba 1970 USARF ikapigwa marufuku pamoja na jarida lake, *Cheche*. Na ni *Cheche* hiyohiyo iliyokuwa imetoa, mwaka uleule, andiko refu la kijana Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya nchini. Sasa rudi kwenye jibu langu la juu uone nani alipewa Kigoda miaka 38 baadaye. Ya Museveni mnayajua, sina la kuongeza.

Kuhusu leo: chuo kilichoanza mwaka 1961 na wanafunzi wa sheria wasiofika 15, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, sasa kina maelfu kwa maelfu, na kila mmoja ana jaribio wiki hiyohiyo ya tamasha. Lakini mjadala haujafa. Mhadhara ukiisha usikimbilie daladala. Tembea taratibu hadi kwenye vimbweta chini ya miti, ukae karibu na kundi lolote lenye kelele. Yale ambayo watu waliona haya kuyasema mbele ya mgeni rasmi yanasemwa pale, bila adabu na bila woga. Siku nyingine huwa ndiyo sehemu bora ya ratiba, na haijaandikwa kwenye ratiba.

Mihadhara mingi ni ya Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Naruhusiwa kuuliza kwa Kiswahili?

Uliza. Simama, sema jina lako, uliza kwa Kiswahili safi, na kazi ya kumtafsiria mgeni mwachie mwenyekiti wa kikao, ndiyo maana amekaa pale. Ukumbi wenyewe utachangamka, nakuhakikishia.

Kama unataka kusikiliza na si kuuliza tu, angalia matangazo ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, wale tunaowaita TATAKI. Makongamano yao huendeshwa kwa lugha yetu. Na niseme waziwazi kwamba tamasha lenye jina la mtu aliyekaa Ikulu akimfasiri Shakespeare kwa Kiswahili halina kisingizio cha kukosa wakalimani.

Nilihudhuria mhadhara mmoja mwaka jana. Kipindi cha maswali kilipofika, mzee mmoja alishika kipaza sauti akahutubia hadi tukasahau mada. Hawa watu wanadhibitiwaje?

Hawadhibitiki, wanazeeka tu na wengine wanazaliwa. Utawatambua kwa maneno ya mwanzo: "Mimi sina swali, nina mchango." Ukisikia hivyo, vuta pumzi.

Kosa, hata hivyo, mara nyingi ni la waandaaji. Ratiba inasema mhadhara unaanza saa nne. Kuna wimbo wa taifa, salamu za mkuu wa idara, salamu za mkuu wa ndaki, salamu za wadhamini, utambulisho wa wageni mmoja mmoja na makofi yao, kisha msemaji mwenyewe naye anapitiliza. Ikifika saa saba kasoro wasikilizaji wanapewa dakika kumi. Aliyekaa saa tatu kimya, akipewa kipaza sauti, unadhani atakiachia? Mimi nikiona ratiba yenye salamu tano na maswali ya dakika kumi, nabaki nyumbani.

Kuna posho?

Hakuna. Bahati ikiwepo utapata maji na soda. Mama ntilie wako jirani, nenda na hela yako.

Binti yangu yuko kidato cha sita, anataka kusoma sheria. Nimpeleke tamasha la Aprili ili apate moyo?

Mama, moyo anao, anachokosa ni muda. Mtihani wa taifa wa kidato cha sita ni Mei. Mwache na vitabu vyake. Kama nyumbani kuna wa kidato cha tano yuko likizo, huyo mpeleke, tena nenda naye. Mhadhara mmoja unatosha. Baada ya hapo mtembeze mkaione maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018. Watoto wengi huikumbuka maktaba ile kuliko walivyosikia ukumbini.

Tuko chuo kidogo mkoani. Tunataka kuandaa wiki yetu ya mihadhara, lakini hatuna hela ya kumleta profesa kutoka nje. Tuanzie wapi?

Anzieni nyumbani. Kila wilaya ina hakimu mstaafu, ofisa kilimo aliyeona misimu ya njaa, mkunga aliyezalisha nusu ya mji. Mpeni kila mmoja jioni yake. Siku tatu zilizojaa ni bora kuliko tano ambazo mbili watu wanapiga miayo.

Msemaji apewe dakika 40, na aambiwe hivyo wiki moja kabla, si akiwa jukwaani. Saa nzima inayobaki iwe ya ukumbi. Salamu ziwe moja. Mkuu wa wilaya akija, mshukuruni kwa kuja, aketi asikilize. Swali la kwanza mpeni mtu asiye mwanafunzi wenu, vinginevyo watu wa mjini watadhani wamealikwa kujaza viti. Tangazeni redio ya mkoa, msikitini, kanisani na kijiwe cha bodaboda, kwa sababu tangazo lililobandikwa ubao wa chuo husomwa na watu wa chuo. Mkiweza, anzeni saa kumi alasiri ili wenye vibanda sokoni wafike. Na kipaza sauti kisishikwe na aliyeuliza. Kishikwe na kijana wenu mwenye miguu myepesi, asimame naye mpaka swali liishe, kisha aondoke nacho.