Tiketi za treni Ufaransa: kabla hujalipa, soma hii kwanza

Mkuu nimeona swali lako, kwamba mwezi wa sita mnatua Charles de Gaulle wewe na shemeji na mtoto wa miaka sita, mnapitia Lyon kwa kaka yako halafu mnashuka Montpellier kwenye mkutano wako, na unauliza tiketi ununue sasa hivi au ukifika, na ile mashine ya njano ya kugonga tiketi kama bado ipo. Mimi naishi Lyon huu mwaka wa tisa, hizi treni nazipanda kila mwezi na pesa nimeshazipoteza humo, kwa hiyo nitaandika kirefu, vumilia tu.

Kwanza elewa kwamba kuna tiketi za aina mbili na ukizichanganya ndo unaumia. Kuna TGV, zile za mwendo kasi, tiketi yake ina jina lako, namba ya treni, behewa na siti, na ni ya treni hiyo hiyo ya saa hiyo hiyo, ikiondoka bila wewe imekufa. Halafu kuna TER, treni za mikoa, hizi hazina siti maalum, unakaa popote, na nauli mara nyingi haibadiliki hata ukinunua dakika kumi kabla. Sasa TGV bei yake ni kama ya ndege, inapanda kadri siku inavyokaribia na kadri watu wanavyojaa, ijumaa jioni na jumapili jioni ndo balaa. Kwa hiyo jibu lako ni hili, za TGV nunua mapema mara tu zinapofunguliwa, huwa ni miezi mitatu minne kabla, za TER usijisumbue nazo kabisa mpaka ufike.

Ila hapo kwenye kununua mapema kuna kitu lazima uangalie. Wengi wakitua Charles de Gaulle wanadhani ni lazima waingie Paris mjini ndo wapande treni ya Lyon. Siyo lazima! Terminal 2 pale pale uwanjani kuna stesheni ya TGV, unashuka na mabegi yako unapanda, masaa mawili hivi uko Lyon Part-Dieu. Ukienda kupitia mjini unapanda RER B, yaani treni za Paris na vitongoji vyake, hadi Châtelet, unabadilisha RER A au D hadi Gare de Lyon, ambayo licha ya jina ni stesheni ya hapo hapo Paris, na tiketi ya uwanja wa ndege mwaka 2025 ilikuwa euro 13 kwa kila mtu mzima, halafu ngazi, halafu mtoto amelala begani. Mimi wageni wangu wote nawatoa uwanjani moja kwa moja. Shida ni kwamba treni za pale siyo nyingi kwa siku, na ndege ikichelewa treni haikusubiri wala tiketi hairudi, maana ndege na treni umenunua mbalimbali. Acha masaa matatu na zaidi kati ya kutua na treni, foleni ya pasipoti pale ikikaa vibaya inakula saa zima na mabegi hujachukua.

Sasa suala la saa, na hili nakuomba ulichukulie kwa uzito maana lilinigusa nyumbani. Tiketi imeandikwa 08h04, 14h30, 20h12, hivyo. Shangazi yangu alikuja kutoka Morogoro akalala Paris kwa rafiki yake, mimi nikamsomea tiketi kwa simu nikamwambia "shangazi treni yako ni saa nane na dakika nne", nilikuwa naisoma namba kama ilivyo, nimeshazoea kuhesabu kizungu. Yeye kwa akili yake nzima kabisa akaelewa saa nane mchana, kwa nini asielewe hivyo, ndo Kiswahili chenyewe. Saa sita mchana yupo Gare de Lyon kakaa vizuri na kanga yake anasubiri, treni imeondoka tangu asubuhi saa mbili. Nililipa nauli mpya ya siku hiyo hiyo, karibu mara tatu ya ile ya mwanzo, na kilichoniuma zaidi siyo hela, ni vile alivyokaa pale peke yake akidhani kakosea yeye. Tangu siku hiyo mgeni yeyote namwandikia kwa maandishi, 08h04 yaani saa mbili asubuhi na dakika nne. Kama kuna mzee unamnunulia tiketi fanya hivyo hivyo.

Kitu kingine ni majina ya stesheni. Soma jina LOTE, usiishie kwenye jina la mji. Hapo Montpellier unakoenda kuna mbili, Saint-Roch ipo katikati ya mji karibu na hoteli zote, na Sud de France iliyofunguliwa 2018 iko nje ya mji. Mimi nilishawahi kwenda Saint-Roch kwa raha zangu nikatafuta treni yangu kwenye ubao haipo, natazama tiketi vizuri ndo naona Sud de France, zimebaki dakika kumi na tano, sikuiwahi. Avignon nako hivyo hivyo kuna Centre na kuna TGV, Lille kuna Flandres na Europe ila hizo angalau unatembea kwa miguu toka moja hadi nyingine. Hata Paris yenyewe kila upande una stesheni yake, Gare de Lyon kwa kusini mashariki, Montparnasse kwa Bordeaux na Rennes, Gare de l'Est kwa Strasbourg, Gare du Nord kwa Lille na London, na hazijakaribiana.

Mashine ya njano: tiketi ya kwenye simu au ya kuprinti yenye ule msimbo wa kuskani huigongi, tayari ina siku na treni. Ya kugonga, pale ambapo mashine hizo bado zipo, ni ile ya karatasi ya TER unayonunua kwenye mashine ya stesheni, na unagonga KABLA ya kupanda. Mwaka wangu wa kwanza nilienda Annecy sikugonga, nikajua si nimelipa bwana, inatosha. Mkaguzi akanilipisha faini, nikalalamika sana mpaka abiria mmoja mama wa Kikongo akanieleza kwa Kiswahili cha Bukavu kwamba tiketi ambayo haijagongwa unaweza kuitumia tena kesho, ndo maana kwao ni sawa na hujalipa. Ikitokea umesahau au mashine mbovu, usikae kusubiri ukaguliwe, mtafute mkaguzi wewe mwenyewe umwambie, inasaidia sana.

Siku ya safari namba ya reli, wao wanaita voie, inatokea kwenye ubao dakika ishirini hivi kabla, kwa hiyo usihangaike ukiona watu wamesimama wote wanatazama juu. Milango ya TGV inafungwa dakika mbili kabla ya muda na hawana huruma. Na angalia sana namba ya behewa, kuna treni mbili zinaunganishwa zinaondoka pamoja halafu njiani zinaachana, mfano zinazoenda Brittany zinaachana Rennes moja Brest nyingine Quimper, na ukikaa kwenye ile siyo yako huwezi kupita ndani kwenda nyingine, unasubiri isimame ndo ukimbie nje.

Bei. OUIGO ni TGV za bei chee, siti za kubana kidogo lakini reli ni ile ile, kwa mtu mmoja mwenye begi dogo ni safi. Ila begi kubwa wanalipisha pembeni, na ukighairi usitegemee kurudishiwa, kwa hiyo familia yenye masanduku ya miezi miwili piga hesabu kamili kabla hujafurahia. Kuna kadi ya punguzo inaitwa Carte Avantage, euro 49 kwa mwaka, ya watu wazima inakupunguzia asilimia 30 wewe na mtu mmoja unayesafiri naye, na watoto wa miaka 4 hadi 11 asilimia 60, mradi safari yenu iguse wikiendi. Nyie watatu mkienda na kurudi nadhani inajilipa yenyewe. Pasi za Eurail, yaani pasi moja ya treni za nchi nyingi za Ulaya, wanazowauzia wageni mimi sikushauri kwa Ufaransa, TGV bado unalipia siti juu yake na siti za wenye pasi ni chache.

Kadi za benki za nyumbani wakati mwingine zinagoma kwenye SNCF Connect, programu ya tiketi ya shirika la reli la Ufaransa, ikigoma mara mbili mwambie kaka yako anunue ila aandike majina yenu kama yalivyo kwenye pasipoti. Na akinunua safari yenye kubadilisha treni, ziwe kwenye tiketi moja, siyo vipande viwili tofauti, ya kwanza ikichelewa hapo watakupakia inayofuata.

Migomo ipo, neno lake ni grève. Kwa sheria ya 2007 abiria wanatakiwa kujulishwa siku moja kabla treni zipi zinatembea, treni yako ikifutwa unarudishiwa hela yote au unabadilishiwa bure. Ikichelewa nusu saa na kuendelea TGV unadai fidia mtandaoni, usione aibu kudai, ni haki yako.

Masanduku yote bandikeni majina, ni lazima. Ukishapata saa ya ndege kutua iweke hapa hapa, nitakuangalizia zile za kutoka uwanjani zinazofika Part-Dieu kabla giza halijaingia.