Siri ya Manka Isimalizwe na Bibi wa Pangoni

Msomaji mmoja wa Moshi amenitumia sura tano za kitabu chake cha pili. Cha kwanza kiliishia pazuri: Manka, msichana aliyelelewa tambarare, ameshinda vita vya falme za mlimani na kugundua kwamba hajui alikozaliwa. Cha pili kinafika sura ya tatu tu, bibi mmoja pangoni keshamsimulia kila kitu, kurasa kumi na moja, na Manka kazi yake ni kuitikia "Kumbe!" Mwandishi anauliza mbona hadithi imepoa.

Imepoa kwa sababu siri imesomwa kama taarifa ya habari. Asili ya mhusika inanoga pale msomaji anapogundua kwamba alishaipita kitabu cha kwanza na hakuiona.

Kwa hiyo kabla ya sentensi mpya, nunua kaunta buku ya kwaya mbili. Soma upya kitabu cha kwanza, kalamu mkononi, na piga safu nne: ukurasa, kilichosemwa, nani alisikia, Manka alikielewaje. Kovu, wimbo, jina lililotajwa mara moja, chochote ulichokiacha bila maelezo ndicho mtaji wako. Kitabu kikishachapwa huwezi kurudi kupanda kidokezo.

Kidokezo kizuri kina maana mbili: ya juujuu, inayomridhisha msomaji apite, na ya kweli. Kwenye kitabu cha kwanza kimo kimoja ambacho nadhani mwandishi mwenyewe hajakiona. Sura ya sita Manka anambembeleza mtoto kwa wimbo wa majani yanayojifunga usiku kama ngumi. Tukadhani ni urembo wa lugha. Lakini mlima wake ni Kilimanjaro uliobadilishwa jina, na mimea ya lobelia kubwa ya kule juu ya msitu kweli hufunga majani usiku kujikinga na baridi. Mtu wa tambarare atalijulia wapi hilo? Ama Manka aliyaona, ama aliimbiwa na aliyeyaona. Hapo pana sura tatu za kitabu cha pili, bure.

Halafu tumia Kiswahili chenyewe, maana kimetupa silaha ambazo tunaziacha zishike kutu. Andika "mwana wa mangi alitoroshwa usiku" (mangi ni chifu wa Wachagga) na wasomaji wenyewe watamtafuta mvulana; hujamdanganya mtu. Majina ya undugu ndiyo matamu zaidi. Manka anamwita mlezi wake shangazi. Sasa mzee mmoja, kwa hasira, amwambie mlezi huyo: "Huyu mtoto wa dada yako atatuponza." Mtoto wa dada? Huyo angemwita mama mdogo au mama mkubwa. Neno moja limeng'oa ukoo mzima wa upande wa baba, na nusu ya wasomaji watalipita. Usilieleze. Ukiweka sentensi ya "Manka alishtuka kusikia neno dada", umeliua.

Mpangilio: tuseme maneno 90,000, sura 36 za maneno 2,500. Vidokezo vitatu viangukie sura ya 4, ya 9 na ya 14. Sura ya 18 Manka apate jibu lisilo sahihi na alifanyie kazi kwa nguvu zote. Hapa ndipo wengi wanaogopa, wanampa jibu sahihi mapema kisha wanajaza nafasi kwa mapigano. Ukweli uje sura ya 26 au 27. Zinazobaki ni za kulipa gharama, kwa sababu siri isiyomnyang'anya kitu ni cheti cha kuzaliwa tu. Jiulize nani alifaidika kumficha, na huyo mtu Manka anampenda kiasi gani. Kama jibu ni adui ambaye tayari tunamchukia, badilisha.

Muhtasari wa kitabu cha kwanza usizidi aya moja, na uwe ndani ya ugomvi.

Safari nayo ihesabu. Njia ya Marangu ya kupandia Kilimanjaro ina vituo vya Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, na wapandaji hulala kila kituo ili mwili uzoee. Manka wa sura ya tano anatoka kwenye migomba asubuhi, jioni anapigana kwa upanga kwenye uwanda wa kati ya vilele viwili. Kwa mwendo huo angekuwa ameinama nyuma ya jiwe anatapika. Umri pia: mlezi ana miaka 40, Manka 19, vita vya zamani vilikuwa miaka 30 iliyopita, na bado mlezi "aliongoza jeshi". Akiwa na miaka kumi?

Bibi wa pangoni usimfute. Mpe nusu ukurasa, ajue nusu ya habari, na hiyo nusu aikosee: aseme kwamba yule mtoto alikufa, na kwamba alimzika yeye mwenyewe.