Programu za Baada ya Masomo Zianze na Mwalimu wa Darasa

Msomaji mmoja anayeratibu programu ya vijana baada ya saa za masomo ameniandikia akilalamika kwamba shule inayompa vyumba inamhesabu kuwa mpangaji tu: inamkabidhi funguo, inamdai usafi, na zaidi ya hapo hakuna mazungumzo. Anauliza kama itafaa aandike upya hati ya makubaliano. Jibu langu ni kwamba hati hiyo aiache kama ilivyo, kwa maana nimekwisha kuona hati nyingi zilizotiwa saini na kupigwa mihuri ambazo hazikumfaa mtoto hata mmoja, na badala yake amtafute mwalimu wa darasa.

Haya nayasema kwa kuwa yamenipata. Nimeendesha programu ya maigizo, usomaji na hesabu katika shule ambayo mkuu wake alikuwa na maneno matamu mbele ya wazazi, lakini kila asubuhi walimu wake walimpelekea malalamiko yale yale, kwamba madawati yamesogezwa, chaki zimekwisha na kazi za wanafunzi zilizobandikwa ukutani zimechanika. Baadhi ya malalamiko yalikuwa ya haki na mengine yalikuwa uonevu mtupu. Siku ya kutoa zawadi, mwaka ambao matokeo yalipanda, walishukuriwa wote hadi mpiga picha, isipokuwa sisi tuliokuwa tumeketi safu ya nyuma pamoja na watoto wale wale waliokuwa wakiitwa jukwaani. Sitajifanya kwamba nimesahau.

Aliyetufungulia njia ni msichana wa darasa la sita. Katika kikundi chetu cha maigizo, kila alipopewa karatasi ya mazungumzo alimpa mwenzake amsomee, na akishasikia mara mbili tatu alikuwa ameikariri yote, pamoja na sehemu za wenzake. Sisi tulimhesabu kuwa na kipaji cha pekee. Mwalimu wake wa darasa alimhesabu kuwa mvivu, kwa sababu hakuwa akinakili kazi ya ubaoni na daftari lake lilijaa kurasa zilizoishia katikati. Siku moja niliketi na mwalimu huyo kwa shauri jingine kabisa, tukizozana juu ya kabati, na katika kuhesabu kero zake akalitaja jina la mtoto huyo, nami nikamweleza habari ya karatasi. Mzozo wa kabati ukaishia hapo. Msichana alipopelekwa kupimwa macho, ilibainika kwamba haoni vizuri, na akapewa miwani. Watu wazima wawili walikuwa wakimwona kila siku ndani ya chumba kile kile, mmoja asubuhi na mwingine jioni, kila mmoja akiwa na nusu ya habari zake.

Baada ya hapo tulianzisha daftari la makabidhiano, ambalo ndilo pendekezo langu la kwanza na, nikisema kweli, karibu la pekee. Mwalimu huandika somo la wiki na mambo ya kuangaliwa, nasi huandika tulichokiona jioni. Halipaswi kubeba siri za nyumbani wala adhabu, na wazazi wajulishwe kwamba lipo na kinachoandikwa humo. Maandishi yenyewe huwa mafupi. Nakumbuka mwalimu wa hesabu aliyeandika: “Wiki hii ni sehemu. Msiwape mazoezi mengine, wapeni kitu cha kugawa.” Jioni hiyo watoto walikata karatasi za rangi kwa nusu, robo na thumuni kwa ajili ya mapambo ya jukwaa, na kesho yake mwalimu akazitumia karatasi hizo hizo kufundishia.

Sentensi ile fupi ya mwalimu inagusa jambo ambalo wakuu wengi wa shule hawataki kulisikia. Wanapokubali kushirikiana, wengi wao hutaka programu igeuke tuisheni, ili mtoto aliyekaa darasani siku nzima akae tena mbele ya ubao ule ule. Watafiti Durlak, Weissberg na Pachan, katika mapitio yao ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2010 kuhusu programu za baada ya masomo zinazokuza stadi za kibinafsi na za kijamii, waligundua kwamba programu zilizofuata hatua zilizopangwa, zikawashirikisha vijana kwa vitendo, zikatenga muda mahususi kwa ajili ya stadi hizo na kueleza wazi ni stadi gani, ziliinua hali ya kijamii ya vijana na pia maendeleo yao ya masomo, ilhali zilizokosa mambo hayo hazikuonyesha mafanikio ya maana. Kwa hiyo mkuu anayetaka alama zipande hana sababu ya kuyaogopa maigizo, mradi yamepangwa na yana shabaha inayojulikana.

Nawasihi basi waratibu wenzangu tuache kunung'unika pembeni, mimi nikiwa wa kwanza. Jengeni uhusiano na mwalimu wa darasa, naye akihamishwa jengeni na atakayefuata, kwa kuwa mkuu hutoa ruhusa lakini mwalimu ndiye mwenye habari za mtoto. Ombeni kualikwa kwenye kikao cha walimu mwanzoni mwa muhula, kabla ratiba haijafungwa. Pigeni picha ya chumba mnapoingia na mkirudishe kama kilivyo kwenye picha. Kwetu sisi hatua hiyo ilimaliza kesi za madawati kuliko barua zote tulizowahi kuandika. Na zaidi ya yote, mtafuteni mwalimu wa darasa.

Kwa msomaji wangu nina nyongeza moja, kuhusu malipo. Dakika kumi za kukabidhiana habari kila wiki ziingizwe kwenye ratiba na zitengewe fungu katika bajeti ya programu, hata kama itabidi kupunguza fulana na mabango. Mwalimu akiombwa kuzitoa bure atazitoa kwa moyo mweupe kwa mwezi mmoja, kisha mitihani itakaribia na daftari litabaki kwenye droo yake, wala hatakuwa na kosa.