Ua la Petali 11

Mkomani, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mswada wako ulinifikia Jumanne, na nimeusoma mara mbili, mara ya pili penseli mkononi. Barua yako pia nimeisoma. Unasema msomaji wa kampuni ya uchapishaji amekuandikia kwamba riwaya yako imemwiba Liyongo: shujaa asiyepenya silaha, udhaifu wake uko mahali pamoja tu mwilini, na anayemuua ni mwanawe wa kumzaa. Unaniuliza kuathiriwa kunaishia wapi na wizi unaanzia wapi, na kama uifute sehemu hiyo.

Usiifute. Ila iko sehemu nyingine ambayo hukuniuliza, na hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Nitaifikia.

Kisa cha Liyongo kilichapishwa London mwaka 1870, katika hadithi ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa hapa kwetu akakitungia utendi. Ilikuwa imepita miaka 43 na kisa ni kile kile: tupa ya kukatia pingu iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, sindano ya shaba kitovuni, na Liyongo aliyekufa amepiga goti kisimani, uta mkononi, watu wasithubutu kuteka maji. Sijapata kusikia mtu akimwita Kijumwa mwizi. Waliomsikiliza walikijua kisa tangu utotoni. Walikuja kusikia yeye atakisemaje. Naye alikuwa fundi wa kuchonga mbao pia, kwa hiyo ni mwenzetu sote wawili, wewe kwa kalamu na mimi kwa patasi.

Kumbuka na takhmisi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mwenye utenzi wa Al-Inkishafi, alizichukua beti zinazonasibishwa na Liyongo mwenyewe, akaongeza vipande vitatu mbele ya kila viwili vya asili, vikawa vitano. Mkono wake na mkono wa Liyongo iko katika ubeti mmoja, na anayejua kusoma anaona kiungo kilipo. Wazee wetu waliufanya huu kuwa utanzu kamili, wenye jina na kanuni zake. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ya kuchukua cha mtu.

Na ni wewe uliyenieleza habari za Tolkien, yule mwandishi Mwingereza, kwamba majina ya vibeti wake katika The Hobbit ya 1937 aliyachota kwenye shairi la kale la Kiaislandi, Völuspá. Jina Gandalf limo humo, ni la kibeti mmoja katika orodha ndefu. Yeye akalitoa katika orodha akampa mzee mwenye fimbo. Hakuficha alikolitoa.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza. Mwaka uliozaliwa nilichonga mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, wa nyumba moja hapa mtaani, kwa mti mgumu wa mbambakofi. Maua yalishuka kutoka juu hadi chini, kila ua petali 12. Ua la saba likaangukia kwenye jicho la mti. Patasi ikakataa. Ukilazimisha jicho, mbao hupasuka, na mbambakofi haikusamehe. Nilikaa siku mbili nikiutazama ule mti bila kuugusa. Siku ya tatu nikaondoa petali moja, nikazipanua zilizobaki kidogo kidogo, jicho likabaki kati ya petali mbili kama tone la maji. Ua la petali 11. Mwenye nyumba hakulitambua mpaka nilipomwonyesha, naye akalipenda kuliko yote.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Malindi harusini. Mlango wa nyumba ya jirani na pale ulikuwa mpya, na mfaa wake ulikuwa wangu. Nikahesabu. Ua la saba lilikuwa na petali 11. Nikatia kidole pale ambapo jicho lingekuwa: mbao safi, laini, haina kitu. Mtu alikuwa ameweka karatasi juu ya mlango wangu akaisugua kwa mkaa, akaondoka na kila kitu, hata lile ambalo mti wake haukumwomba. Nilisimama pale mpaka wenyeji wakaniuliza kama naumwa.

Usidhani nachukia kunakili. Mimi mwenyewe nilinakili maua ya fundi wangu miaka mitatu, yeye akinisimamia, na kila kibao nilichokimaliza kilikwenda jikoni kuwa kuni. Ndivyo mkono unavyofunzwa. Yule wa Malindi alichukua jibu ambalo hakuwahi kuwa na swali lake, akalipokelea pesa kama lake.

Kwa hiyo Liyongo wako simwogopi. Wewe umekaa upande wa yule kijana mwenye sindano. Katika utendi tunamlaani na kupita. Wewe umeniweka usiku kucha karibu naye, akihesabu pumzi za babake, ahadi ya mfalme aliyemtuma imemkaa kooni. Pale nililia. Jicho lile ni la mti wako, na umelizunguka kwa mkono wako.

Sura ya tisa, mwanangu, siyo hivyo.

Unakumbuka nilipovunjika mguu, ukanisomea kitabu cha yule mwandishi wa ng'ambo, ukinifasiria jioni baada ya jioni? Mimi sikukisahau. Kilikuwa na mvushaji aliyefungwa kitambaa machoni, anayedai nauli ya kumbukumbu moja kwa kila abiria. Msichana anatoa harufu ya mamake. Akifika ng'ambo anaunusa mkono wake, hakuna kitu, anakaa chini kwenye matope. Kwako mashua imekuwa mtepe, mto umekuwa mkondo wa bahari, harufu imekuwa sauti. Kitambaa kipo. Abiria ni wale wale wanne, wanalipa kwa mpangilio ule ule, wa tatu anajaribu kudanganya vile vile. Msichana anakaa chini kwenye matope, na pwani yako ni ya mchanga.

Yale matope ndiyo petali yako ya 11.

Sidhani ulikusudia. Nadhani ulikipenda kitabu kile mpaka kikaingia damuni, ukaja kukiandika ukiamini unabuni. Lakini yule msichana wa ng'ambo alikuwa akikimbia msiba, kusahau kulimvuta na kumtisha, ndiyo maana nauli ile ilimkata. Msichana wako hana anachotaka kusahau. Nimerudi nyuma sura nane kutafuta, sikukiona.

Sheria sitaitegemea sana, ingawa uijue. Ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na inalinda namna alivyolisema jambo, siyo wazo lenyewe; mtu yeyote anaweza kuandika mvushaji. Ipo na ya 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi za jamii, kwa hiyo andika ukurasa wa mbele, kwa herufi zinazosomeka, kwamba shujaa wako ametokana na Liyongo na kisa chake ni cha watu wa Pate na Ozi. Yule msomaji mjibu hivyo hivyo, kwa adabu, bila kujitetea.

Sura ya tisa iandike upya, na mvushaji usimrudie mpaka ujue msichana wako angelipa nini, na kwa nini kingemuuma. Pengine utakuta havuki kabisa.

Nimeweka penseli kwenye kurasa sita. Mswada nimeufunga pamoja na halua aliyonunua mamako, na binamu yako anayesafiri Ijumaa atakuletea. Ukimaliza sura hiyo nisomee kwa simu, usiku, baada ya isha.

Babako