Njia ya akiba haikushika, na tatizo si namba

Swali: Ruta yetu ya Cisco ina laini mbili za intaneti. Nimeandika njia mbili tuli (maelekezo ya mkono ya kuiambia ruta data ipite wapi), ya kwanza bila namba, ya pili ikiwa na 10 mwishoni. Fundi alipochomoa kebo ya laini ya kwanza, ya pili ilishika papo hapo. Lakini wiki iliyopita mtoa huduma wa kwanza alikatika na ofisi ikakaa bila intaneti mpaka nilipofuta njia ya kwanza kwa mkono. Je, niipandishe hiyo 10 iwe 200?

Jibu: Hapana, iache ilivyo. Hata ukiweka 254, mambo yatakuwa yale yale.

Namba hiyo kazi yake ni moja: njia mbili za kwenda mahali pamoja zikiwa hai, yenye namba ndogo ndiyo huingia kwenye jedwali la njia za ruta. Njia tuli ya kawaida ina 1, ya akiba ina 10, basi. Haipimi kama intaneti ipo. Ruta huiondoa njia ya kwanza pale intafesi yake (tundu la ruta linalochomekwa kebo) inapolala, na intafesi yako haikulala. Laini ilikufa ng'ambo ya modemu, huku kebo fupi kati ya modemu na ruta ikiwa nzima na taa yake inawaka. Kwa macho ya ruta kila kitu kilikuwa salama, ikaendelea kutupa pakiti (vipande vya data) kusikojulikana.

Ndiyo maana lile jaribio la kuchomoa kebo linanikera. Linaiga hitilafu ambayo hutokea mara chache, halafu mteja anaambiwa akiba inafanya kazi. Aliyekufanyia hivyo hakupima kitu.

Ruta inahitaji kipimo kinachovuka modemu: pingi (ujumbe mdogo unaoomba jibu) kwenda 8.8.8.8, seva ya Google, kila sekunde 10, na isipojibiwa njia ya kwanza iondolewe:

```
ip route 8.8.8.8 255.255.255.255 203.0.113.1
ip sla 1
 icmp-echo 8.8.8.8 source-interface GigabitEthernet0/0
 frequency 10
ip sla schedule 1 life forever start-time now
track 1 ip sla 1 reachability
 delay down 30 up 60
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 203.0.113.1 track 1
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 198.51.100.1 10
```

Badilisha anwani za malango mawili (203.0.113.1 na 198.51.100.1) ziwe zako, kisha hakikisha ule mstari wa zamani usio na `track` haumo tena kwenye usanidi.

Mstari wa kwanza, unaoilazimisha pingi ipite laini ya kwanza, ndio wanaonakili usanidi huuacha. Bila huo, laini ya kwanza ikifa pingi itapita kwenye akiba, na ikijibiwa ruta itaamini laini ya kwanza imepona na kuirudisha, kisha itaanguka tena. Hapo utaona intaneti ikija na kukatika bila kukoma. Kwa kuwa 8.8.8.8 sasa imefungwa kwenye laini ya kwanza, isiwe DNS (seva ya kutafuta anwani za tovuti) ya kompyuta zenu, maana itazimika pamoja na laini. Wala usipingi lango 203.0.113.1 badala yake: mara nyingi hilo ni modemu yenyewe, nayo itajibu hata dunia yote ya nje ikiwa imekatika.

Kisha kuna NAT, yaani ruta kubadilisha anwani za ndani za kompyuta ziwe anwani ya laini. Kila laini iwe na kanuni yake kwa `route-map` yenye `match interface`, la sivyo pakiti zitatoka kwenye laini ya pili zikiwa na anwani ya kwanza na hakuna jibu litakalorudi. Tafsiri za zamani (kumbukumbu za ruta za mabadilisho hayo) nazo hung'ang'ania. Za TCP hukaa saa 24 kwa kawaida, na za simu za intaneti hazifi kwa sababu simu hutuma ujumbe kila mara. `clear ip nat translation *` huzifuta.

Jihadharini pia na tiba nyingine zinazouzwa. Kuwasha ruta upya kila alfajiri hakutibu chochote. Kuzipa njia zote mbili namba moja si akiba, ni kugawana mzigo: laini moja ikifa kimyakimya, sehemu ya safari hupotea na nyingine hupita, hitilafu ngumu kweli kuisaka. Neno `permanent` mwishoni mwa njia ndilo baya zaidi, kwani huibakiza njia hata intafesi ikilala. Na ikiwa akiba inasaidia OSPF (itifaki ya ruta kupashana njia, ambayo namba yake ni 110), namba lazima izidi 110, ama sivyo akiba ndiyo itakayotumika kila siku.

Fundi asilipwe kabla hujaona hili: kebo ya ruta na modemu ibaki mahali pake, ichomolewe laini inayoingia kwenye modemu kutoka nje. Kati ya sekunde 35 na 45, `show track 1` iseme Down, na `show ip route 0.0.0.0` ionyeshe 198.51.100.1. Kisha laini irudishwe, na msubiri dakika moja na ushee kuona kama njia ya kwanza inarejea na kutulia.